Kijana wangu alilia siku ya intavyuu akakataa kusema: aanze PP1 Januari au asubiri mwaka?

SWALI

"Hujambo mwalimu. Tunaishi Migosi, hapa Kisumu. Kijana wetu alifikisha miaka minne Oktoba na tulitaka aanze PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, Januari. Wiki iliyopita tulimpeleka shule moja ya kibinafsi kwa intavyuu. Nyumbani anahesabu hadi ishirini, anaimba, anaongea mchana kutwa. Huko alinishika sketi, akalia, akakataa hata kutaja jina lake. Alipopewa penseli aliishika kwa ngumi akachora mistari tu. Mwalimu akasema hayuko tayari, akae bebi klasi, lile darasa la kabla ya PP1, mwaka mzima ndipo turudi. Baba yake amekasirika, kwa sababu binamu aliyezaliwa naye mwezi mmoja tayari anasoma silabi. Mama mkwe, yuko Ahero, anasema tusiharakishe, mkono wa mtoto haujafika sikioni. Mimi niko katikati. Anavaa suruali mwenyewe, anaenda choo mwenyewe, ila akilala mchana mara nyingine anajikojolea. Nyumbani tunaongea Dholuo na Kiswahili, na ile shule inataka Kiingereza. Halafu sikio la kulia hutoa usaha, huja na kupotea tangu mwaka jana, lakini halimuumi. Mimi nauza nguo soko la Kibuye, kwa hivyo asipoenda shule atashinda na yaya. Nifanye nini?"

JIBU

Mama, kwa haya uliyoniandikia sioni sababu ya kumnyima kijana wako PP1 Januari. Naona sababu moja ya kumpeleka hospitali kabla ya Januari, nayo ni ile uliyoitaja mwishoni kama jambo dogo. Lile sikio lina uzito kuliko penseli, machozi na binamu kwa pamoja. Nitalifikia. Kwanza tuondoe hivi vipimo ambavyo kila mtu mzima anakuvutia kwake.

Tuanze na intavyuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazikataza shule za umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Zinaruhusiwa kumpima tu ili zijue darasa linalomfaa. Shule za kibinafsi zimejiwekea desturi zake, na wengi wetu tumezizoea hadi tunadhani ndivyo serikali inavyotaka. Sasa fikiria kilichopimwa siku ile. Mtoto wa miaka minne ameingizwa katika ofisi asiyoijua, mbele ya mtu asiyemjua, anaulizwa kwa lugha asiyoongea nyumbani, na mama ameketi kando amekunja uso kwa wasiwasi. Mtoto akiogopa, nguvu zake zote huenda kwenye kujilinda. Maneno anayoyajua hayapotei, lakini hawezi kuyafikia kwa wakati huo. Kukushika sketi ni dalili kwamba anajua ni nani wa kumkimbilia, na mimi huwa nahofia zaidi yule wa miaka minne anayemwendea mgeni yeyote bila hata kugeuka kumtazama mamake. Kwa hiyo mwalimu yule aliona mtoto mwenye hofu, akaandika kwamba hajakomaa. Ni mambo mawili tofauti.

Penseli nayo. Katika umri huu, mifupa midogo ya kifundo cha mkono mingi bado ni gegedu, haijawa mfupa kamili, na misuli midogo ya vidole ndiyo kwanza inaanza kupata nguvu. Wapo wa miaka minne wanaoshika penseli kwa vidole vitatu, na wapo wengi wanaoishika kwa ngumi, na wote ni wazima. Kumlazimisha aandike A hadi Z kwenye mistari hakukomazi mkono. Kunamfundisha tu kuichukia penseli. Mpe kazi za vidole zilizoko hapo hapo nyumbani: apukuchue mahindi, akusaidie kuchambua mboga ya osuga, afinyange udongo, afunge na kufungua vifungo vya zile nguo unazouza. Krayoni nene iliyokatika ni bora kuliko penseli mpya ndefu, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi.

Kuhusu binamu, mwambie mzee wako kwa upole kwamba kuimba "ba be bi bo bu" ukutazama chati si kusoma. Huenda mtoto yule kweli anaanza kusoma, wapo wanaoanza mapema, na ni jambo la kufurahia. Ila PP1 haikuwekwa kwa ajili ya watoto wanaojua kusoma. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, PP1 ni ya miaka minne na PP2 ya miaka mitano, na kazi yake ni shughuli za lugha, za hisabati, za mazingira, za dini, na za ubunifu. Zimeitwa shughuli kwa makusudi. Mtoto anatarajiwa ashike, apange, aimbe, aruke, aulize. Shule inayodai mtoto aje akiwa tayari anasoma inataka kazi yake ifanywe nyumbani, kisha ilipwe karo.

Mama mkwe nimemwacha mwisho kwa heshima, kwa sababu kipimo chake kina akili ndani yake kuliko wengi wanavyodhani. Zamani, vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa adimu, mwalimu mkuu alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi, kwa hivyo hafiki. Kadiri anavyokua mikono hurefuka kuliko kichwa, na wengi hufikia kwenye miaka sita au saba. Kwa hiyo nyanya hajakosea hata kidogo, ila anapima darasa la kwanza la enzi zake. Kwa chekechea, karibu watoto wote wangerudishwa nyumbani. Wewe una cheti cha kuzaliwa, mkono upumzike.

Basi tupime nini? Mimi hutazama zaidi uwezo wa mtoto wa kujizuia na kurudi katika utulivu, kwa sababu huo ndio utakaomwezesha kuishi darasani na wenzake thelathini bila wewe. Na huhitaji karatasi kuupima. Jioni waite watoto wa jirani mcheze nyama nyama nyama. Unajua mchezo: kiongozi akitaja mnyama anayeliwa, wote wanaruka na kuitikia "nyama!" Akitaja paka, atakayeruka ametoka. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayouambia mwili "subiri, hii si ya kuruka", na ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine nyingi. Mtoto wa miaka mitatu huruka kwa kila jina. Wa miaka minne huruka kwa paka, kisha anaziba mdomo na kucheka, maana amegundua kosa sekunde moja baadaye. Wa mitano na nusu hivi huanza kujikamata kabla miguu haijatoka chini. Wa kwako akiwa yule wa kuziba mdomo na kucheka, yuko pale hasa anapotakiwa kuwa. Na tazama hili pia: akitolewa nje, analia kwa muda gani? Kulia ni sawa. Ninachotaka kujua ni kama baada ya dakika chache, mtu mzima asiye wewe akimpangusa machozi, anaweza kurudi kucheza.

Mtume pia kwa agizo lenye hatua mbili: "Chukua kikombe mezani, mpelekee shangazi." Usimwonyeshe kwa kidole wala kwa macho. Umri wake unaweza kubeba hatua mbili, na siku nzuri hata tatu. Akifika mezani akasahau mara moja moja, si neno. Akikosa kila mara, au akikutazama usoni kwanza ili asome midomo yako, andika jambo hilo mahali, utalihitaji kwa daktari.

Zaidi ya hayo namwangalia kama anaweza kumwambia mtu mwingine mzima kwamba ana njaa, anaumwa, au anataka choo. Mwache kwa shangazi yake nusu siku, bila simu za kila dakika, kisha muulize shangazi mambo yalikwendaje. Vyoo na suruali umeshaniambia anajiweza, na hilo kwa mwalimu wa chekechea ni zawadi.

Kujikojolea usingizini mchana kusikusumbue. Kibofu cha mtoto anayelala na cha mtoto aliye macho ni habari mbili, na hata kitandani usiku madaktari hawauiti ugonjwa kabla ya miaka mitano. Mpeleke choo kabla ya kulala, weka suruali ya akiba kwenye mkoba, mwambie mwalimu bila kunong'ona. Nitabadilisha maneno yangu tu ikiwa mtoto alikaa mkavu miezi mingi kisha akaanza tena ghafla, au anakunywa maji kupita kiasi, au analia akikojoa. Hapo ni kliniki.

Lugha mbili za nyumbani hazimcheleweshi. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya Dholuo na ya Kiswahili pamoja, maana mtoto wa lugha mbili hugawa hazina yake kwenye masanduku mawili, na anayefungua moja tu atamwona maskini. Kufikia miaka minne mtu asiye wa nyumbani anapaswa kuelewa sehemu kubwa ya anachosema katika lugha anayoijua vizuri. Kiingereza atakipata darasani haraka kuliko unavyofikiri. Nakusihi tu usiache Dholuo ili umtayarishe kwa intavyuu. Mtoto anayesimulia vizuri kwa lugha yake hubeba ujuzi huo wa kusimulia hadi kwenye lugha ya pili.

Sasa sikio. Umesema halimuumi, kana kwamba ni habari njema. Ngoja nikueleze kwa nini mimi nimeisoma kwa wasiwasi. Sikio linaloumiza usiku kucha ni lile ambalo usaha umefungiwa ndani, nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba inayopokea sauti. Kiwambo kikipasuka, usaha hutoka, shinikizo hushuka, mtoto analala, na nyumba nzima inashukuru. Lakini sasa kuna tundu. Mara nyingi hufunga lenyewe. Lisipofunga, kila mafua na kila maji ya kuoga ni nafasi ya vijidudu kuingia tena, na usaha huja na kupotea bila maumivu, kama ulivyoandika. Sikio lililotoa usaha kwa siku 14 au zaidi linahesabiwa kuwa na ugonjwa sugu. Lake ni tangu mwaka jana.

Na sikio hilo husikia vibaya. Halizibi kabisa, ndiyo maana mzazi hagundui. Mtoto husikia sauti ya mtu, husikia vokali, lakini konsonanti nyepesi kama s, f, t na k humponyoka, hasa palipo na kelele. Nyumbani kwako, sebuleni, akikutazama usoni, atakujibu vizuri. Muweke darasa la bati mvua ya alasiri ikipiga, wenzake wakipiga kelele, mwalimu amegeukia ubao: ataonekana mkaidi, mzembe, "hajakomaa". Nimeona watoto wakirudishwa bebi klasi mara mbili kwa sababu ya kitu ambacho daktari angekiona kwa taa yake kwa dakika moja. Hata ukimya wa siku ile ya intavyuu siwezi kusema ulitokana na hofu peke yake.

Fanya hivi leo jioni. Msimamishe akikupa mgongo, wewe simama hatua moja nyuma yake. Ziba sikio moja kwa kidole, polepole, kisha nong'ona neno analolijua: samaki, kiti, sita. Alirudie. Kisha upande wa pili. Akikosa zaidi wakati sikio la kushoto limezibwa na anasikia kwa la kulia, umepata fununu. Asipokosa, bado unakwenda hospitali, kwa sababu kunong'ona hakuoni tundu. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha omba barua ya kwenda kwa daktari wa masikio. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iko hapo hapo mjini. Chukua kile kijitabu cha mama na mtoto. Wakati unangoja, usitie mafuta, maziwa ya mama wala dawa ya matone uliyoazimwa na jirani, na lile unyoya la kuku la kuchokoa masikio litupwe kabisa. Usaha ukitoka, sokota kitambaa safi kikavu, kiweke mlangoni mwa sikio kinywe, ukitoe, urudie hadi kitoke kikavu. Maji yasiingie. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, homa kali, shingo ngumu au uso umepinda upande, usingoje asubuhi.

Turudi kwenye Januari. Una njia tatu, na hakuna iliyo ya bure.

Ukimwanzisha PP1, atakuwa na miaka minne na miezi mitatu, umri wake halali, ingawa huenda akawa miongoni mwa wadogo darasani. Utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba walio wadogo darasani huitwa watundu au wasiotulia mara nyingi zaidi, wakati mwingine kwa sababu tu wanalinganishwa na wenzao waliowazidi miezi kumi. Pengo hilo hupungua kadiri miaka inavyosonga. Ukimngojesha, ataingia PP1 na miaka mitano na Gredi ya Kwanza na saba. Si msiba, na kwa mtoto aliyezaliwa njiti, au anayeugua mara kwa mara, au asiyeweza kabisa kuachana na mama, mimi mwenyewe ningeshauri hivyo. Lakini mwaka wa kungoja haukomazi mtoto wenyewe. Kinachomkomaza ni yale atakayoyafanya ndani yake. Kama atashinda kwa nyanya Ahero, akichunga vifaranga na kucheza na binamu, mwaka huo una thamani. Kama atashinda mbele ya runinga huku yaya akifua, ni afadhali darasa la wastani. Nadhani jibu unalo.

Bebi klasi katika shule ile ile ndiyo njia inayonivutia kidogo kuliko zote. Shule iliyomwona mtoto mara moja kwa dakika kumi na kumwandikia mwaka mzima wa karo, ningeiangalia mara mbili.

Kwa hiyo tafuta darasa lingine la PP1. Elimu ya chekechea iko chini ya kaunti tangu ugatuzi, na katika shule nyingi za msingi za umma kuna darasa la chekechea lenye mwalimu wa kaunti. Usidharau kwa sababu sare haina tai. Nenda asubuhi bila kutangaza, kaa dirishani. Je, watoto wanaongea, au mwalimu peke yake? Kuna vitu vya kushika, hata kama ni vifuniko vya chupa na magunzi? Mtoto akijikojolea mwalimu anafanya nini? Watoto ni wangapi kwa mwalimu mmoja? Ukikuta watoto wa miaka minne wameinamia madaftari saa nzima huku kiboko kiko mezani, ondoka, hata kama jengo lina vigae. Kama kuna uji wa saa nne, uliza unapikwa wapi. Basi la shule, linalomchukua mtoto saa kumi na moja asubuhi, mimi silipendi; usingizi ni sehemu ya ukomavu pia, na shule ya kutembea kwa miguu ina faida ambayo haimo katika kijikaratasi cha matangazo.

Atalia langoni. Usitoroke akigeuka, kwa sababu kesho yake hatageuka tena, atakung'ang'ania. Muage kwa maneno yale yale kila siku, mkabidhi mikononi mwa mwalimu, uende. "Nitarudi saa sita" haimaanishi chochote kwake. Mwambie "mkishakunywa uji, mkacheza nje, mkaimba, nitakuja," kisha uje kweli. Ukijua utachelewa Kibuye, mtume mtu anayemjua. Wengi hutulia ndani ya wiki mbili tatu. Akipita muhula mzima bado analia asubuhi yote, hali, au amerudi kuwa kama wa miaka miwili nyumbani, zungumza na mwalimu, na ufikirie kwamba huenda kuna jambo linalomtisha pale.

Kuna hali ambazo singetaka uzingoje Januari wala muhula. Mtoto wa miaka minne asiyeunganisha maneno matatu katika lugha yoyote, asiyeitika jina, asiyecheza mchezo wa kuigiza wala kutaka wenzake, anayeanguka anguka kupita kawaida, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, huyo apimwe sasa. Sioni dalili hizo katika barua yako. Lakini daktari akikuta usikivu umepungua, uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu kituo cha EARC, vile vituo vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi na walimu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984. Kusikia kidogo hakumzuii kuingia darasa la kawaida. Kunadai mwalimu ajue.

Na hata kabla ya majibu ya daktari, mwombe mwalimu mpya amketishe mbele, upande wa kulia wa darasa, karibu na ukuta. Hapo sikio lake zima la kushoto litakuwa limewaelekea mwalimu na wenzake, na lile bovu litaelekea ukutani.